Pipa hii ilibeba nini mbele ya mafuta yetu?

Tulifika kwa koperative moja ya kando ya barabara ya Likasi mwanzo wa kiangazi, saa nne ya asubuhi, ili tuzungumze bei ya mahindi na kalanga. Mahindi hatukuyagusa siku ile. Mbele ya depo kulikuwa mapipa sita ya litre 200: manne ya plastiki ya rangi ya bulu, mawili ya chuma. Mama mmoja alikuwa ameinama, kichwa na mabega ndani ya pipa, anasugua na sabuni na mchanga. Mwekahazina akatuonyesha kwa furaha.

"Tulinunua ku soko, nusu ya bei. Ni ya kutia mafuta ya mawese. Moja tulishajaza."

Tukauliza: yalibeba nini mbele?

"Muuzaji alisema sabuni ya maji."

Inawezekana. Lakini ubavuni mwa pipa moja la bulu karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, na kisu hakikumaliza kazi. Ilibaki pembe ya chini ya alama yenye sura ya almasi, na ndani ya pembe ile namba 8. Mtu hakwangui karatasi ya sabuni kwa kisu.

Namba 8 maana yake ni kitu chenye kula: asidi, soda kali, vitu vinavyotoboa nguo, ngozi na chuma. Tuliketi chini ya mwembe pamoja na washirika, tukayapindua mapipa moja moja na kuyasoma. Tulichosoma siku ile tunakiandika hapa, kwa sababu mapipa kama yale tumeyaona katika vijiji vingi, na katika vingi yamejaa maji ya kunywa.

Barabara yetu inabeba nini

Shaba na kobalti ya Katanga haitoki katika jiwe kwa nyundo tu. Mawe yanasagwa, kisha yanalowekwa katika asidi ya salfa mpaka chuma kinatoka. Ndiyo sababu kila siku kamyo zinapanda toka Kasumbalesa na asidi, salfa, chokaa na dawa nyingine, nyingi zimetoka bandari ya Dar es Salaam na kupita Zambia. Asidi nyingi inasafiri ndani ya sisterne. Mnakumbuka mwezi wa pili wa 2019, kamyo ya asidi iligongana na basi kwenye barabara ya Kolwezi na watu wengi wakafa, wengine waliungua na asidi yenyewe. Dawa nyingine zinasafiri ndani ya mapipa, bidoni na mifuko mikubwa. Na kwa ndugu zetu wa upande wa dhahabu, Kivu na Haut-Uélé, sianidi inafika ikiwa kavu, kama vidonge vyeupe.

Pipa likishamwagwa kule kiwandani, sheria inataka lirudi kwa mwenyewe au liharibiwe. Lakini sisi wote tunajua pipa ni mali. Pipa ni tangi ya maji. Likikatwa linakuwa mbabula mbili, linakuwa mlango, linakuwa paa ya kuku, na kuna wanaopikia lutuku ndani yake. Kwa hiyo linapita ukuta wa kiwanda usiku au mchana, na jumamosi liko sokoni. Mwenye kuliuza pengine naye hajui. Tusianze kumtafuta mwizi, tuanze kusoma.

Mapipa ya Shinkolobwe

Mzee mmoja aliyekuwa kimya chini ya mwembe alisema: "Hii mambo ya mapipa ilianza zamani. Muulize Shinkolobwe." Ana haki.

Shinkolobwe iko karibu na Likasi. Madini ya uraniamu yalionekana pale mwaka wa 1915, na Wabelgiji waliyachimba kwanza kwa ajili ya radiamu. Vita vilipofika Ulaya, Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, aliogopa Wajerumani wasiyakamate. Mwaka wa 1940 akatuma tani zaidi ya 1.200 za mawe yale mpaka New York, kwenye kisiwa cha Staten Island. Yalikaa pale katika ghala, ndani ya mapipa ya chuma zaidi ya 2.000, miaka miwili karibu. Mwezi wa tisa wa 1942 kanali wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, akaenda kwa Sengier na kuyanunua. Sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la Hiroshima ilitoka katika udongo huu tunaolima.

Juu ya bomu watu wameandika vitabu vingi. Juu ya mapipa, kidogo sana. Lakini ghala lile lilipokuwa limekwisha kusahauliwa, wapimaji walirudi pale mwaka wa 1980 wakakuta udongo ungali na mionzi, mahali unga wa mawe ulipomwagika. Miaka 40 nyuma. Pipa lilikwenda zake, kilichovuja kilibaki. Na wale waliojaza madini kwa mikono yao huku kwetu, hakuna aliyewaambia wanashika nini.

Sheria za leo zilikuja baada ya hapo. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo wake wa kwanza wa kusafirisha vitu vya hatari mwaka wa 1956, na shirika la nguvu za atomiki la Vienna likatoa wa vitu vya mionzi mwaka wa 1961. Zimebadilishwa mara nyingi, lakini alama ni moja duniani. Shofere wa Tanzania, mpolisi wa Zambia na mwekahazina wetu wanaweza kusoma pipa lile lile na kuelewa jambo lile lile. Hii ndiyo nguvu yake. Haitaki Kifaransa wala Kiingereza, inataka macho.

Almasi na namba ya chini

Alama ya kwanza ni karatasi ya almasi, mraba uliosimama kwa pembe. Namba iko kwenye pembe ya chini. 3 ni vitu vinavyowaka upesi, kama petroli. 5 ni vitu vinavyotia moto nguvu hata kama vyenyewe haviwaki. Klorini ya unga ya kusafishia maji iko hapa, na mbolea nyingine ya nitrati pia. Usizipange karibu na mafuta wala magunia makavu. 6 na kichwa cha mfu ni sumu, na hapa wakulima hatuko wageni, kwa sababu dawa nyingi za kuua wadudu ziko ndani ya 6. 8 tumeisema. 7 ni mionzi, na tutairudilia.

Pembeni ya almasi mara nyingi kuna namba ya tarakimu nne yenye herufi UN mbele yake. Hiyo ni jina la kitu chenyewe. 1830 ni asidi ya salfa kali. 1689 ni sianidi kavu ya sodiamu. 1203 ni petroli. 2912 ni kitu chenye mionzi midogo, kama madini ya uraniamu. Hamna lazima ya kuzijua zote. Ukiona namba, iandike kwenye karatasi au uipige picha na telefone, umuulize agronome au daktari wa kituo cha afya. Mtu akishamwagikiwa na dawa, ile namba inamsaidia daktari kuliko maelezo yote ya shofere.

Kusoma kitako cha pipa

Karatasi inakwanguliwa. Lakini kuna alama nyingine ngumu kuondoa: imegongwa ndani ya chuma chenyewe kwenye kitako, au imeyeyushwa ndani ya plastiki. Inaanza na duara lenye herufi u na n, moja juu ya nyingine, kisha unafuata mstari wa herufi na namba. Wengi wanafikiri ni namba ya kiwanda tu.

Tulilipindua pipa la chuma la kwanza. Tukasoma 1A2, kisha Y yenye namba ya kilo, kisha S, kisha mwaka.

1 maana yake pipa. Ingekuwa bidoni ingeanza na 3. A ni chuma, H ni plastiki. Namba inayofuata inasema juu ya mdomo: 1 ni pipa lenye tundu dogo la kufungia, 2 ni pipa ambalo kifuniko chote kinatoka. Halafu X, Y au Z, na hii ndiyo nguvu ya pipa. Kiwandani wanajaza pipa na kuliangusha chini lisivuje. La Z wanaliangusha toka sentimita 80, la Y toka metre 1 na 20, la X toka metre 1 na 80, kama urefu wa mwanaume mrefu. Kitu cha hatari kubwa kabisa kinataka X. Y hairuhusiwi kukibeba, na Z ni ya hatari ndogo tu.

S sasa. S ni kwa vitu vikavu: unga, chembe, vidonge. Pipa la S halikujaribiwa kubeba maji ya aina yoyote. Mwekahazina aliifuata ile herufi kwa kidole, akanyamaza kidogo, kisha akasema mwenyewe:

"Kumbe hii haikubeba sabuni ya maji hata siku moja."

Njo vile. Hatukujua bado lilibeba nini, lakini maneno ya muuzaji yalianguka pale pale, na si sisi tuliyaangusha.

Mapipa ya bulu yalisema 1H1: plastiki, tundu dogo, kwa hiyo ya vitu vya maji. Baada ya Y kulikuwa na namba 1.4. Ile namba inasema uzito: kitu cha ndani kisizidi kilo 1 na gramu 400 kwa kila litre. Asidi ya salfa kali ina kilo 1 na gramu 800 hivi kwa litre, kwa hiyo haina ruhusa ndani ya pipa la 1.4. Namba inayofuata ni ya mgandamizo, tuiache. Kisha mwaka. Plastiki ina duara dogo kama saa, lenye mshale unaoonyesha mwezi wa kuzaliwa. Kwa kawaida, miaka mitano baada ya hapo pipa la plastiki au bidoni haina ruhusa tena ya kubeba kitu cha hatari, kwa sababu jua na dawa vinaifanya ikauke na kupasuka. Yale manne yalikuwa na miaka tisa.

Neno moja hapa, kwa sababu tuliona watu wanachanganya. Alama ya kitako inasema pipa linaweza kubeba nini. Haisemi lilibeba nini. Hata alama ya bilauri na uma, ile ya vyombo vya chakula, inasema tu kwamba plastiki yenyewe ilikuwa safi siku ilipozaliwa. Ukisha kutia dawa ya pamba ndani yake, bilauri na uma havitakusaidia.

Namba 7

Alama ya mionzi ina majani matatu meusi kama feni. Chini yake kuna mistari myekundu: mmoja, miwili au mitatu. Mmoja juu ya karatasi nyeupe ni mionzi kidogo sana nje ya pipa. Miwili na mitatu, nusu ya juu ya karatasi ni ya manjano, na mitatu ndiyo mikali zaidi.

Tupige hesabu. Mionzi inapimwa kwa milisiveti. Mtu wa kawaida asipate zaidi ya 1 kwa mwaka kutoka kazi za namna hii. Mzigo wa mistari mitatu unaweza kutoa mpaka 2 kwa saa moja pale kwenye ngozi yake. Basi ukiketi juu yake, nusu saa inamaliza mwaka wako. Ukisimama metre moja kutoka kwake, mzigo ule ule haupaswi kupita 0,1 kwa saa, yaani saa kumi. Dawa ya kwanza ya mionzi ni nafasi, na haiuzwi.

Je, wakulima wataonana wapi na namba 7? Si kila siku. Viwanda vya madini vina vyombo vya kupimia vyenye chanzo cha mionzi ndani, hospitali kubwa pia. Na madini ya shaba na kobalti ya sehemu fulani za Katanga yana uraniamu ndani yake. Kwa madini ya uraniamu, hatari kubwa ni unga unaoingia kwa pua na kwa chakula kuliko mionzi ya nje, na kwa hiyo pipa lenye kutu au kifuniko kilicholegea ni jambo zito. Ukiona majani matatu juu ya kitu chochote, hata juu ya kipande cha chuma kizito kwa muuzaji wa vyuma vya kale, usikishike, usikifungue, weka watu mbali na umwite chefu wa kijiji na polisi. Nchini tuna CNPRI, komite ya taifa ya kulinda watu na mionzi. Habari itapanda mpaka huko. Huko Goiânia, Brazili, mwaka wa 1987, watu walifungua chombo cha hospitali iliyoachwa ili wauze chuma. Ndani kulikuwa unga unaong'aa usiku. Waliugawa kwa jamaa kama zawadi. Wanne walikufa, na watu zaidi ya 112.000 walipimwa.

Juu ya kamyo

Tunajua namna tunavyosafiri. Magunia chini, bidoni katikati, watu juu, na mbuzi pembeni. Hatutawaambia msipande, maana basi haifiki kwenu. Lakini mbele ya kupanda, angalia mzigo. Sheria inasema chakula kisipangwe pamoja na mzigo wa 6, na mzigo wa 7 uwe mbali na watu. Gunia la makayabo juu ya pipa la sumu, hapana. Mapipa yasimame wima, mdomo juu, yafungwe kwa kamba au mkanda yasigongane. Pipa lisijazwe mpaka mdomoni, kwa sababu jua la kiangazi linapanua kitu cha ndani na mdomo unatema.

Shofere mmoja alituambia: "Papa, mimi minabeba kenye banalipa." Tunamwelewa. Lakini shofere ndiye wa kwanza kupumua kinachovuja.

Pipa tupu halina kitu, wanasema

Sheria ya Umoja wa Mataifa ina neno ambalo lilishangaza washirika wote: pipa tupu lisilosafishwa linahesabiwa kama limejaa. Linabaki na almasi yake, na linafungwa kama siku ya kwanza.

Kuna sababu. Plastiki inakunywa. Dawa za wadudu na mafuta ya kuyeyushia rangi vinaingia ndani ya ukuta wa pipa, sabuni haifiki kule. Halafu unatia mawese. Mafuta yanavuta dawa vizuri kuliko maji, na polepole, wiki baada ya wiki, ukuta unairudisha ndani ya chakula. Hutaona rangi. Pengine hutasikia harufu.

Pipa la chuma lina hatari nyingine. Asidi iliyobaki kidogo, ikichanganyika na maji, inakula chuma na kutoa gesi inayowaka. Petroli na pombe kali zinaacha mvuke. Sudere analeta moto ili akate mbabula, na pipa "tupu" linapasuka usoni mwake. Mafundi wa Likasi wanaijua habari hii; wengine wanaionyesha kwa makovu.

Kuhusu bidoni ndogo za dawa za shamba: mimina yote ndani ya pompe, tia maji robo, funga, tikisa nusu dakika, mimina ndani ya pompe tena. Mara tatu. Kisha toboa bidoni na msumari ili asipatikane mtu wa kuchotea maji. Kuosha mara tatu kunalinda udongo na kunapunguza sumu. Hakuifanyi bidoni kuwa ya chakula. Na mapipa ya kiwandani msijaribu kuyaosha, kwa sababu maji yale ya kuosha mtayamwaga wapi? Yule mama aliyekuwa ndani ya pipa alikuwa na mikono mekundu mpaka viwiko. Alifikiri ni mchanga.

Chini ya mwembe

Kusema kweli, hawakutupokea vizuri tulipomaliza. Papa mmoja alisimama.

"Nyinyi munakuya na gari, munasoma namba, munaenda. Ile mapipa njo makuta ya batu bote. Nani atarudisha?"

Hatukuwa na jibu la kumfurahisha. Shirika halilipi mapipa ya soko, na tulimwambia wazi. Akasema tena: "Na hii yenye mafuta haina hata namba. Iko safi."

Mama prezida ndiye alimjibu, si sisi. "Baba, ile yenye haina namba njo minaogopa zaidi. Yenye namba inasema."

Kisha mwekahazina akasema jambo ambalo alikuwa amelishika tangu asubuhi. Katika litre 200 za pipa lile, bidoni mbili za litre 20 zilikuwa zimeuzwa tayari, siku ya yenga, kwa wanunuzi wa vijiji viwili. Watu waliacha kuzungumza. Mtoto mmoja alikuwa anacheza na kifuniko cha bulu, akanyang'anywa.

Walikata shauri kabla ya jua kuinama. Hasara inagawanywa kwa washirika wote, kila mtu sehemu ile ile, hata wale ambao hawakuwako siku ya kununua. Mafuta hayauzwi. Mapipa mapya watanunua mawili tu, kwa mtu anayeleta mafuta ya kula, wenye karatasi ya kuonyesha, na mengine watatumia bidoni za njano za mafuta mpaka msimu ujao. Yule mama wa mikono mekundu alipelekwa kituo cha afya na pikipiki ya koperative. Walimwosha sana na maji na kumpa pomade, na ngozi ilirudi baada ya wiki mbili.

Mama prezida alikwenda mwenyewe vijiji viwili kwa mguu. Bidoni moja ilirudi, imepungua kidogo. Nyingine ilikuwa imekwisha kuliwa. Mpaka tunaandika hakuna aliyeugua katika nyumba zile, na prezida anapita kuuliza kila siku ya soko.

Mapipa matano yako nyuma ya depo, yametobolewa chini na msumari. La sita limepigwa msalaba wa rangi nyekundu na kufungwa na waya, mafuta yangali ndani. Barua imekwenda kwa ofisi ya mazingira ya teritware tangu mwezi wa sita, na karani alipokea na kupiga muhuri.